Miche ya Migomba ya Maabara: Kromosomu Ngapi, na Nani Kazihesabu?

Mkulima wa Donge, Unguja, au Micheweni, Pemba, anayetaka kupanda eka moja ya migomba kwa nafasi ya mita 3 kwa 3 anahitaji miche 450 hivi. Akiikusanya kwa kung'oa machipukizi kwenye makonde ya majirani, masika yatampita, na kila chipukizi litakuja na wageni wake: mayai ya fukusi ndani ya tunguu, minyoo kwenye mizizi, pengine na kuvu wa mnyauko asiyeonekana kwa jicho. Miche ya tishu, ile inayooteshwa ndani ya chupa maabara, huwaacha wote hao nyuma. Hata hivyo inazua suali ambalo wakulima huliuliza kila inapogawiwa, na ni suali la haki: mche huu utazaa kama mama yake, au utatoka kitu chengine?

Mche wa tishu haukutiwa jeni ya mmea mwengine. Ni kipande cha mama kilichokatwa, kikasafishwa, kikalishwa kikagawika. Utafanana na mama iwapo mambo mawili yamelindwa: pahala kipande kilipotolewa na namna kilivyozidishwa, kisha idadi ya kromosomu, yaani vibebeo vya jeni, ndani ya seli zake. La kwanza kila fundi wa maabara hulisimamia. La pili hupita kimyakimya, kwa sababu kromosomu hazionekani kwenye chupa, na mche wenye hesabu mbovu huweza kuwa wa kijani na wenye afya mpaka ufike shamba.

Seti ya kromosomu ya mgomba ina kromosomu 11. Ichukulie kama kitabu chenye juzuu 11. Mgomba mwitu una nakala mbili za kitabu hicho, moja ya baba na moja ya mama, jumla 22. Huo ni diploidi. Migomba mingi tunayoila ina nakala tatu, 33, nayo ni triploidi. Yenye nakala nne, 44, ni tetraploidi. Idadi ya nakala ndiyo ploidi. Wataalamu huongeza herufi: A kwa seti iliyotokana na mgomba mwitu uitwao Musa acuminata, B kwa iliyotokana na mwengine, Musa balbisiana. Mtwike na jamaa zake wa Cavendish ni AAA, mkono wa tembo ni AAB, bokoboko ni ABB, na mchare wa Kilimanjaro na Arusha ni AA.

Tatu haigawiki kwa mbili, na hapo ndipo ndizi inapokosa kuzaa mbegu. Mmea unapounda chavua au yai, kromosomu hujipanga jozi jozi kisha huachana. Kwenye triploidi, kromosomu ya tatu haina mwenza, hwenda upande wowote, na seli za uzazi hutoka na juzuu pungufu au za ziada. Nyingi hufa. Tunda kujaa nyama bila ya kuchavushwa ni sifa nyengine inayotokana na jeni zake, lakini utasa huu ndio unaotupa ndizi isiyo na kokwa ngumu ndani. Na ndio unaoufanya mgomba usiwe na njia ya kuzidi ila kwa machipukizi, au kwa chupa.

Visiwa hivi vina nafasi yao katika hesabu hiyo. Pemba ni miongoni mwa sehemu chache za Afrika ambako Musa acuminata mwitu umerekodiwa. Kundi la migomba diploidi liitwalo Mlali, la Komoro, Madagaska na Zanzibar, lilionekana katika uchunguzi wa DNA uliochapishwa mwaka 2011 kuwa jamaa wa karibu wa mzazi aliyeipa Cavendish seti mbili kati ya tatu zake. Mzazi huyo alitoa seli ya uzazi ambayo haikugawanya seti zake. Zikaingia mbili kwa pamoja, mzazi wa pili akatia moja. Ndizi inayouzwa katika maduka ya dunia nzima ina asili inayopita kwenye pwani hizi.

Kosa hilohilo la kutogawanya ndilo wazalishaji wa mbegu wanalolitumia kwa makusudi. Sigatoka nyeusi, ugonjwa unaochoma majani ya mgomba mpaka mkungu unakosa chakula, iliripotiwa Pemba mwaka 1987. Jawabu moja lilitoka Honduras, katika taasisi ya FHIA: mgomba triploidi huchavushwa kwa diploidi yenye ukinzani, na katika mayai machache ambayo hayakugawanya seti zake tatu, ya nne huongezeka. Kwa njia hiyo zimepatikana FHIA-17 na FHIA-23, ambazo ni AAAA, na FHIA-01, ambayo ni AAAB. Faida yake kwa mwenye kitalu ni kubwa: miche ikiletwa kwa jina la FHIA-17 na kipimo kikatoka 33, kibandiko kimekosewa, na hakuna haja ya kusubiri mwaka mzima mkungu utoke ndipo ijulikane.

Kutoka chipukizi hadi chupa

Kazi huanzia shamba. Mama achaguliwe akiwa ameshazaa japo mkungu mmoja uliopimwa na kuonekana, asiwe na michirizi ya manjano kwenye majani, kwa kuwa usafi wa maabara huua bakteria na kuvu wa juu lakini virusi vilivyomo ndani ya mama hufuata miche yote. Chipukizi linalofaa ni lile la majani membamba kama upanga, lenye urefu wa nusu mita hivi. Maganda ya nje hubanduliwa mpaka libaki pande la sentimita 5, lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka, kisha lipunguzwe tena.

Usafishaji wenyewe huenda hivi: spiriti ya asilimia 70 kwa dakika moja hadi mbili, kisha dawa ya madoa yenye hipokloraiti ya sodiamu, ikichanganywa na maji ifikie asilimia 1 hadi 1.5, dakika 15 hadi 20 pamoja na tone la sabuni ya maji. Dawa inayouzwa madukani huwa na asilimia 3.5 hivi ikiwa mpya. Iliyokaa juani dukani imeshapungua nguvu, na hiyo ni sababu ya kawaida ya chupa kuota kuvu bila ya fundi kufahamu kwa nini. Baada ya hapo ni suuza tatu za maji yaliyochemshwa kwa presha, ndani ya kabati la hewa safi, na kupunguza kwa kisu cha upasuaji mpaka kibaki kipande cha sentimita 1 kila upande, chenye kitovu cha ukuaji na vijani vichanga vinne hadi sita vilivyokizunguka.

Kitovu hicho ndicho roho ya kazi nzima. Ni kikundi kidogo cha seli zilizopangika kwa tabaka, zinazogawika kwa utaratibu, na hesabu yake ya kromosomu ni imara kuliko ya sehemu yoyote nyengine ya mmea.

Lishe ya chupa ni ile ya Murashige na Skoog, iliyochapishwa mwaka 1962 na inayotumika mpaka leo. Katika lita moja mna miligramu 1,650 za nitrati ya amonia, 1,900 za nitrati ya potasiamu, 440 za kloridi ya kalsiamu, 370 za salfeti ya magnesiamu na 170 za fosfeti ya potasiamu, pamoja na madini ya kiasi kidogo na vitamini. Huongezwa sukari gramu 30, agari gramu 7, na homoni: BAP, ile inayochochea vichipukizi, miligramu 2.25, na IAA, ya ukuaji, miligramu 0.175. Agari hutokana na mwani mwekundu, ingawa si huu unaolimwa Paje na Jambiani; aina zake, spinosum na cottonii, hutoa kigandishi chengine, karajinani. Tindikali hurekebishwa ifike pH 5.8. Ikiteremka chini ya 5.2 agari haigandi vizuri na vipande huzama. Ikipanda sana, chuma hujitenga na majani machanga hugeuka manjano.

Maji ndiyo yanayowapa tabu mafundi wa visiwani. Kisima kilichochimbwa kwenye mawe ya matumbawe hutoa maji yenye chokaa, na cha karibu na pwani huongeza chumvi. Ukipima madini kwa mizani ya miligramu kisha ukayayeyusha kwenye maji hayo, hesabu yote imeharibika. Maji ya lishe yawe ya kukenekwa. Umeme nao una sheria yake: otoklevu, ile sufuria ya presha ya kuulia vijidudu, hutakiwa ikae nyuzi 121 kwa dakika 15 mfululizo, na umeme ukikatika dakika ya kumi, dakika zinahesabiwa upya tangu moja.

Chupa hukaa kwenye chumba cha nyuzi 26 hivi, mwanga saa 16. Kipande kikigeuka cheusi ni kwa utomvu wa mgomba wenyewe. Hupunguzwa kwa kukitia kwenye vitamini C kabla ya kupandwa, kukiweka gizani wiki ya kwanza na kukihamisha mapema. Kila wiki nne vichipukizi vilivyotokea pembeni hutenganishwa na kupandwa upya. Kikitoa vitatu kila mzunguko, baada ya mizunguko sita kimoja kimekuwa 729. Hapa ndipo tamaa huingia.

Hesabu huharibika vipi

Seli inapotaka kugawika huanza kwa kuzidisha DNA yake mara mbili, kisha huigawa sawasawa kwa seli mbili. Ikizidisha na isigawe, seli moja inabaki na seti mara mbili ya ilivyokuwa. Jambo hili hutokea katika mimea mingi bila ya maabara kuhusika: seli kongwe za majani na shina, zilizokwishamaliza kazi ya kugawika, huweza kuwa na seti maradufu wakati kitovu kiko vilevile. Haileti madhara yoyote mpaka seli hizo kongwe zitakapolazimishwa na homoni kuanza mmea mpya. Mmea huo utazaliwa na hesabu ya seli iliyouanzisha, wala si hesabu ya kitovu.

Aina ya pili ya kosa ni juzuu moja kupotea au kuzidi: kromosomu 32 au 34 badala ya 33. Huitwa anyuploidi. Hutokea pale nyuzi zinazovuta kromosomu zinapoachia moja njiani, na huonekana zaidi katika seli zinazogawika ovyo bila ya tabaka, yaani katika kalasi, ule uvimbe mweupe unaojitokeza kwenye jeraha likipewa homoni nyingi.

Kwa hiyo njia ya kuzidisha ina uzito kuliko jina la maabara. Vichipukizi vinavyotoka kwenye vitovu vya pembeni, ambavyo mmea umeviumba wenyewe, hubadilika ploidi kwa nadra sana. Fundi anayepandisha BAP hadi miligramu 10 ili apate wingi huishia na kichaka cha vichipukizi vidogo vilivyojazana kama uvimbe, na vingi kati ya hivyo vimezaliwa upya kutoka kwenye seli za jeraha. Chupa inapendeza kwa wingi wake, lakini kazi imeshaharibika. Njia ya seli zinazoelea kwenye maji, inayoanzia maua machanga ya kiume na homoni ya 2,4-D, ndiyo yenye hatari kubwa zaidi, na hatari hupanda kadiri seli zinavyozeeka katika chupa. Maabara zenye nidhamu huzigandisha seli hizo zikiwa changa ndani ya naitrojeni ya maji, nyuzi 196 chini ya sifuri, na kuanza upya kutoka akiba hiyo.

Tusiitwishe ploidi kila lawama. Mwaka 1981 watafiti Larkin na Scowcroft walilipa jina jambo hili la mimea ya chupa kutofautiana na mama, na tangu hapo imekuwa wazi kuwa sababu ni nyingi. Kwa Cavendish, mpotovu anayeonekana zaidi shambani ni mbilikimo, na mara nyingi kromosomu zake ni 33 kamili. Kilichobadilika ni jeni au namna jeni inavyofunguliwa na kufungwa. Wale wenye majani membamba, mazito, yenye mabaka ya kijani kibichi na hafifu ndio ambao mara kadhaa wamekutwa na kromosomu pungufu au za ziada. Kipimo cha ploidi hakitamkamata mbilikimo. Huyo hukamatwa na jicho la mwenye kitalu, mche ukiwa na urefu wa sentimita 20 hadi 30, majani yakiwa yamebanana na mafupi kuliko ya wenzake.

Kinga ni nyepesi kuitaja na ngumu kuishikilia: mizunguko isizidi minane, chipukizi moja la mama lisizae zaidi ya miche elfu moja, kila chupa iandikwe mama yake na mzunguko wake, na uvimbe wowote wa kalasi ukatwe na kutupwa.

Kuzihesabu

Njia ya asili ni hadubini. Ncha za mizizi myeupe zenye sentimita 1 hukatwa asubuhi, huwekwa kwenye dawa ya haidroksikwinolini ili kromosomu zisimame zikiwa zimejikunja, kisha huhifadhiwa katika mchanganyiko wa spiriti sehemu 3 na asidi ya asetiki sehemu 1. Hulainishwa, hupondwa juu ya kioo, hutiwa rangi. Kromosomu za mgomba ni fupi mno, mikromita moja au mbili, na zikikaa juu ya nyengine ni rahisi kuhesabu 32 mahala pa 33. Seli moja haitoshi. Zihesabiwe zisizopungua 10.

Njia ya haraka ni mashine ya kupima mtiririko wa viini vya seli, vile vinavyobeba kromosomu, iliyoletwa kwenye utafiti wa migomba kwa juhudi kubwa ya Jaroslav Doležel na wenzake wa Olomouc, Jamhuri ya Cheki. Huchukuliwa kipande cha jani changa, miligramu 50 hivi, na kukatwakatwa kwa wembe mpya ndani ya nusu mililita ya maji ya asidi ya sitriki yenye tone la sabuni maalumu. Wembe ukate, usiponde. Wembe butu hupasua viini na grafu ikajaa takataka. Supu hiyo huchujwa kwa kitambaa chenye matundu ya mikromita 50, huongezwa mililita 1 ya fosfeti yenye rangi ya DAPI, na baada ya dakika chache viini hupita kimoja kimoja mbele ya taa. Kila kiini hung'aa kwa kadiri ya DNA yake, na viini elfu kadhaa huchora kilele kwenye grafu.

Mashine huelekezwa kwanza kwa mgomba unaojulikana. Triploidi ikiwekwa alama ya 150, diploidi itaangukia karibu na 100 na tetraploidi karibu na 200. Kuna mtego ambao wengi huingia. Seli za diploidi zilizokwishazidisha DNA lakini hazijagawika nazo hung'aa kwenye 200, zikachora kilima kidogo. Anayekisoma hicho peke yake atasema kaona tetraploidi. Kinachosomwa ni kilele kikuu: tetraploidi ya kweli haina kilele kwenye 100, kikuu chake ni 200, na kilima chake kidogo huwa 400. Vikitokea vilele vikuu viwili katika jani moja, 150 na 300 kwa mfano, huo ni mmea mchanganyiko, tabaka moja lina hesabu hii na jengine hesabu nyengine, na watoto wake hawatakuwa sawa.

Kumkamata aliyekosa kromosomu moja ni kazi nzito zaidi. Moja katika 33 ni asilimia 3 tu, basi kilele chenyewe kikiwa kinene kuliko hapo tofauti humezwa. Mtawanyiko wa kilele uteremke chini ya asilimia 2, na viini vya damu ya kuku, vyenye DNA ya pikogramu 2.5 hivi, vichanganywe ndani ya sampuli ileile viwe kipimo cha ndani. Kuweka sampuli mbili kwa zamu hakutoshi, mashine husogea kidogo kila joto la chumba likibadilika.

Maabara isiyo na mashine inaweza kusafirisha majani. Yafungwe kwenye karatasi laini yenye unyevu, ndani ya mfuko wa plastiki, kwenye sanduku la baridi la nyuzi 4 hadi 8. Hukaa siku kadhaa. Yasigandishwe, barafu hupasua viini. Na kwa asiye na chochote kuna rangi ya kucha iliyo angavu kama kioo: hupakwa upande wa chini wa jani, ikikauka hubanduliwa kwa utepe wa gundi na kutazamwa kwa hadubini ya skuli. Vitundu vya kupumulia vya tetraploidi ni vikubwa na vichache kuliko vya triploidi kwenye eneo hilohilo. Kipimo hiki hakitoi hukumu, hutoa shaka ya kufuatilia, na kina maana pale tu majani yanayolinganishwa ni ya umri mmoja na yamekua kwenye kivuli kimoja.

Kuzidisha kwa makusudi

Wako wanaoitaka seli izidishe isigawe. Kolchisini, sumu ya mmea wa kolchikumu inayozuia nyuzi za kuvuta kromosomu na iliyojulikana tangu mwaka 1937 kuwa huzidisha kromosomu za mimea, hutumiwa kwenye vitovu vya migomba diploidi: milimola 5 kwa saa 48, kama walivyofanya watafiti wa Australia mwaka 1992, au orizalini, dawa ya magugu, mikromola 30 kwa siku saba, ambayo haina sumu kali hivyo kwa binadamu. Zinazotoka nyingi ni mimea mchanganyiko, kwa hiyo hupitishwa mizunguko mitatu au zaidi ya chupa na kupimwa tena mpaka tabaka zote zikubaliane. Tetraploidi iliyopatikana huchavushwa kwa diploidi, na watoto wake ni triploidi: tasa, wasio na kokwa, na wenye sifa alizozichagua mzalishaji. Kolchisini ishikwe kwa glavu na barakoa, na mabaki yake yasimwagwe kwenye karo.

Kitaluni

Mche ulioota mizizi hutolewa chupani, huoshwa agari yote kwa maji ya uvuguvugu kwa kuwa sukari yake hualika kuvu, na kupandwa chini ya kivuli cha asilimia 70 ndani ya banda la nailoni. Vumbi la makumbi ni udongo mzuri wa kuanzia, ila huku kwetu makumbi mengi yamefukiwa pwani kwa ajili ya usumba na yamejaa chumvi. Lazima yasuuzwe maji baridi mara kadhaa mpaka maji yanayotoka yasiwe na ladha ya chumvi. Majani yanayoungua kingo wiki ya pili mara nyingi yanalalamikia chumvi hii, na si ugonjwa. Baada ya wiki sita hadi nane, kivuli kikipunguzwa kidogo kidogo, mche huwa tayari kwa masika au vuli. Ukipandwa kwenye kaskazi kavu bila ya kumwagiwa, mizizi yake michanga haihimili.

Kabla ya kugawa, kundi lipimwe. Ikiwa mche mmoja kwa kila 100 una hesabu mbovu, kuchukua sampuli 20 ni kujifariji tu, kuna uwezekano wa zaidi ya asilimia 80 kwamba zote zitatoka safi. Ili kuwa na uhakika wa asilimia 95 wa kumkuta japo mmoja, lazima ipimwe 300 hivi. Idadi hiyo hutisha, lakini vipande vya majani ya miche 10 vinaweza kukatwa pamoja katika sahani moja; mwenye hesabu nyengine atachora kilele chake pembeni hata akiwa mmoja kati ya kumi. Miche 300 inakuwa vipimo 30, kazi ya siku moja kwa watu wawili. Kwa anyuploidi ujanja huu haufai, kwani kilele chake kitafunikwa na cha wenzake, na miche yenye mabaka ya kutilia shaka ipimwe mmoja mmoja.